Uzito Ambao Mwalimu Likoke Hakuupima

Katika mtaa wa nyuma ya reli, pale Kamina, kila mtu alikuwa na lake la kuchekwa. Mwalimu Likoke alikuwa na mengi, na watu waliyatumia kwa zamu ili yasiishe upesi. Alifundisha fizikia katika shule ya sekondari, alivaa abakosti ya kijivu, lile koti la Zaire lisilo na tai, iliyofungwa vifungo hadi shingoni hata jua lilipochoma, na hakuna kitu kilichopita mbele yake kikienda mbio ambacho hakukipigia hesabu. Mbuzi akimpiga mtoto kikumbo sokoni, wengine walimwinua mtoto. Likoke alisimama kando akijiuliza yule mbuzi ana kilo ngapi. Baiskeli mbili zikigongana karibu na stesheni, wenye baiskeli walitukaniana wazazi, naye alikuwa ameinama, anapima michirizi ya matairi vumbini kwa shubiri.

Roho yake ilikuwa nzuri, tusimsingizie. Ni kwamba tangu ujana alikuwa ameipenda sheria moja, kama wengine wanavyopenda timu ya mpira, na penzi hilo lilimfanya awe mchoshi. Darasani aliiita kwa Kifaransa, quantité de mouvement. Mtaani, kwa watu wasio na kosa lolote, aliiita wingi wa mwendo. Chukua uzito wa kitu, uzidishe kwa mwendo wake, umeupata. Vitu viwili vikigongana, kimoja hupoteza na kingine hupokea, lakini ukivijumlisha vyote viwili, jumla ya baada ya kugongana ni ile ile ya kabla, mradi asiwepo mtu wa pembeni wa kusukuma au kuzuia. Hakuna kinachopotea. Ilikuwa miaka ya Zaire. Sukari ilikuwa inapotea, sabuni inapotea, na treni ya abiria ilisubiriwa mpaka watu wakasahau walikuja kumpokea nani. Kwa mtu kama Likoke, habari ya kitu kisichopotea ilikuwa faraja kubwa.

Baba yake alikuwa sajini kutoka Ekwateri, aliyehamishiwa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, pamoja na familia yake na kasuku mmoja. Likoke alikulia katika nyumba za askari: Kilingala jikoni, Kiswahili uwanjani, Kifaransa shuleni. Kiluba hakukijua zaidi ya salamu. Kisha akakutana na Kabedi, na ghafla akashikwa na hamu ya kujua mila zote za Waluba, hasa zile za ukwe.

Kabedi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani kwa wazazi wake, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuonekana. Likoke alimpelekea suruali moja kushonwa, akairudisha, akairudisha tena, mpaka suruali ikawa na uzi mwingi kuliko kitambaa. Siku moja Kabedi alimtazama, pini zikiwa bado mdomoni, akamwambia, "Mwalimu, hii suruali imekwisha kupona. Sasa sema kile kinakuuma weye."

Basi akasema, na Kabedi akakubali bila kuomba muda wa kufikiri. Upande huo mambo yalikuwa shwari. Taabu ilikuwa kwa wazazi.

Baba yake Kabedi alikuwa amepanga na kupangua mabehewa stesheni maisha yake yote, na sasa alikuwa mstaafu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, kwa hiyo ofisini alikuwa sitwayen Kitwa, yaani raia Kitwa, na nyumbani alikuwa Papa Ézéchias, naye aliitikia yote mawili ilimradi anayeita amebeba kitu mkononi. Wazee wa Likoke walikuja kutoka Base kiangazi cha mwaka uliopita, na zawadi za kubisha mlango. Papa Ézéchias alizipokea, akanywa kilichokuwa cha kunywa, akasema atafikiri. Sasa kiangazi kingine kilikuwa kimefika, naye bado alikuwa anafikiri. Moyoni alisema jambo moja tu: mtoto wa askari leo yuko hapa, kesho amehamishwa, na huyu zaidi ya kuhama anajua kushika chaki tu.

Aliyempa Likoke jibu, karibu kila wiki, ni mama yake Kabedi, Mama Émerence.

Kwa Waluba, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono wala hawali mbele ya mwenzake. Mama akimwona mkwe wake anakuja, hukata kona. Mkwe akimwona mama, humpa mgongo mpaka apite. Mgeni angedhani wamegombana, kumbe hakuna heshima inayopita hiyo. Na wakigusana kwa bahati mbaya, kuku hutolewa ili aibu ifutike. Likoke aliyajifunza haya yote kwa bidii ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tangu wazee wake walipobisha mlango, akimwona Mama Émerence hata mbali sana, aligeuka akatazama ukuta. Pasipokuwa na ukuta, alitazama mti.

Lakini Mama Émerence hakukata kona. Alimfuata hapo hapo ukutani, akamzunguka mpaka wakatazamana, akanyoosha mkono.

"Bonjour, mwalimu! Uko muzima? Leta mukono, juu ya nini unaficha mukono?"

Mtaa mzima ulielewa. Mama anayekusalimia kwa mkono barabarani anakutangaza kuwa mpita njia, kama muuza chumvi. Likoke naye alielewa, na kila mara aliposhikwa mkono ule mkubwa wenye joto, moyo wake ulishuka hadi kwenye viatu. Alitamani mwanamke yule amkimbie. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kumwona Mama Émerence akimkimbia.

Ndipo wagoneti ikaingia katika habari hii.

Nyuma ya mtaa kulikuwa na njia ya reli ya zamani ambayo treni hazikupita tena. Ilianza juu, upande wa mashamba, ikateremka polepole, kisha ikalala tambarare na kuishia kwenye gogo kubwa lililowekwa kuwa kizuizi, karibu na uwanja wa Papa Ézéchias. Wanawake wa mtaa walikuwa na wagoneti mbili, vigari vya mbao vyenye magurudumu manne ya chuma, na wakitoka mashambani walipakia mihogo juu ya moja na kuiachia iteremke yenyewe. Haikuwa na breki. Aliyetangulia kwa umri alipanda juu ya mifuko, na aliyetangulia kwa umri alikuwa Mama Émerence. Alikaa pale juu mikono kiunoni, akishuka katikati ya mtaa wake, na chini wenzake walitupa matawi kwenye reli ili kupunguza mwendo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: juma moja matawi hayakutosha, wagoneti ikapiga gogo, mihogo ikaruka hadi jikoni kwa jirani, na galoni ya mafuta ya mawese ya Mama Émerence ikapasuka. Yeye mwenyewe hakuumia, ila kwa siku kadhaa alikuwa akinukia kama chungu cha sombe, mboga ya majani ya mihogo.

Papa Ézéchias akatoa wazo. Wagoneti ya pili isimame tambarare, chini ya mteremko, imejazwa mawe. Ile inayoshuka iigonge, ndoano ya kuziunganisha ishike, ziende pamoja na kusimama polepole. Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na swali ndani yake. Mawe yakiwa machache, zote mbili zitakwenda kupiga gogo. Yakiwa mengi mno, wagoneti ya mawe itakuwa kama ukuta, na mama aliyekaa juu ya mifuko ataruka kama ile mihogo.

Likoke alikuwa akipita pale kwa bahati tu, bahati ambayo kwake ilitokea kila jioni. Alisikia swali lile, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake katika umati.

"Papa," alisema, "hii iko kazi yangu kabisa. Nipe ruhusa nipige hesabu."

Papa Ézéchias alimtazama tangu viatu hadi kifungo cha shingoni.

"Sawa," alisema. "Ku salongo ya Samedi tutaona hesabu yako. Weye unangojeaka jibu kwangu, shi vile? Nikiona jibu ya mawe iko muzuri, na minyi nitakupatia jibu ya ile ingine."

Kabedi alisimamisha cherehani. Likoke alijibu "Merci, Papa", akaondoka akijikwaa.

Alianza kazi kesho yake. Alizunguka dukani kwa Feruzi, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Maniema na misafara ya zamani, akaazima mizani kubwa ya kupimia mifuko. Wakaipima wagoneti tupu, watu wanne wakiinua na kulaani. Wakapima mifuko ya mihogo, kisha mawe. Likoke alikuwa na saa ya mkono ya baba yake, na kwa saa hiyo aliachia wagoneti kutoka juu mara kadhaa, akapata kujua inafika chini kwa mwendo gani. Feruzi, aliyekuwa amefunga duka kwa ajili ya sayansi, akajifuta jasho na kuuliza swali la mtu mwenye akili timamu.

"Na Mama Émerence? Yeye anakaaka juu ya mifuko kila mara. Tumupime na yeye?"

Likoke aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Feruzi, unyamaze! Ule njo bukwe wangu!"

"Bukwe wako?" Feruzi alisema kwa upole, maana alimhurumia. "Jana alikusalimia na mukono mbele ya duka yangu. Minyi mwenyewe niliona."

Likoke alifunga mizani kwa kamba, akaenda shuleni nayo akiwa ameinamisha kichwa.

Baada ya masomo alibaki darasani na rafiki yake Bokungu, mwalimu wa hesabu, mtu mnene mwenye kupenda karanga na ukweli, vyote kwa wingi usiofaa. Likoke alichora ubaoni wagoneti ya kwanza, akachora mifuko juu yake kwa ustadi, hata kamba za mifuko zilionekana. Kisha akachora wagoneti ya pili na mawe. Bokungu alitafuna, akatazama, akatafuna.

"Umesahau abiria," alisema.

"Sikusahau."

"Basi umuandike."

Likoke aliinua chaki, chaki ikagoma. Aliona mbele ya macho yake wanafunzi wakiingia asubuhi na kukuta kilo za mama mkwe wake ubaoni, chini ya picha ya mihogo. Tena angezipata wapi? Kuuliza si ujinga, aliwaambia wanafunzi kila Jumatatu, lakini amuulize nani? Akimuuliza Kabedi, Kabedi angeuliza kwa nini. Akituma ombi kwamba mama atembee kwa miguu siku ile, ingekuwa kama kumwambia kwamba ni mzito. Na mwili wa Mama Émerence, tuseme tu kwamba alipokaa kwenye benchi la kanisa, wengine walihamia la nyuma bila kuambiwa.

"Kama haujui kilo," Bokungu alisema, "andika x."

"X! Kwa mama bukwe! Hiyo iko matusi, Bokungu."

"Fizikia haina bukwe."

"Minyi niko nayo," Likoke alisema, na akaendelea na hesabu kana kwamba mifuko ile inashuka peke yake.

Hesabu yenyewe ilitoka safi. Aliamua wagoneti ya mawe iwe na uzito sawasawa na ile ya mihogo. Vitu viwili vya uzito mmoja vikishikana, mwendo wa cha kwanza hugawanywa kwa vyote, kwa hiyo kila kimoja huenda nusu. Kwa nusu ya mwendo, kutu ya zile reli ingezisimamisha baada ya mita kumi, mbali kabisa na gogo. Aliandika jibu, akalipigia mstari mara mbili, na kwa muda alikuwa mtu mwenye furaha. Bokungu alimeza karanga ya mwisho akaenda zake akitikisa kichwa.

Samedi ikafika, Jumamosi ya salongo, ambayo raia wote walitakiwa kutoka kufanya kazi za umma, na ambayo kwa kawaida mtaa ule uliifanya kwa kuegemea majembe. Siku hiyo walijitokeza wote, kwa sababu kulikuwa na cha kutazama. Likoke alikuwa amepiga pasi abakosti. Mawe yalipakiwa kama alivyoagiza. Alipiga hatua kando ya reli kutoka pale wagoneti ya mawe iliposimama, na kwenye mita ya kumi akachora mstari wa chaki juu ya chuma. Kisha, kwa kuwa mapenzi humpunguzia mtu akili hata akiwa na diploma, alipita mstari wake kwa hatua mbili akasimama katikati ya reli.

"Toka ku reli, mwalimu," Papa Ézéchias alisema.

"Papa, nikitoka, utasema siamini hesabu yangu. Niko nabaki."

"Iko kichwa yako. Minyi nilisema."

Kule juu Mama Émerence alikuwa anapandishwa juu ya mifuko, wanawake wakimsukuma kwa mabega na vicheko. Likoke akamwona anakaa. Akakumbuka adabu, akamgeuzia mgongo. Hivyo ndivyo mwalimu pekee wa fizikia katika mtaa ule alivyosimama juu ya reli, mikono nyuma, akitazama gogo, huku mihogo na mama mkwe wakiachiwa kumshukia.

Alisikia magurudumu yakianza kuimba. Akasikia yakikaribia, yakifika tambarare, na ndoano ikishika kwa kishindo. Watu wakashangilia, naye akatabasamu kwa lile gogo. Sheria ilikuwa imetii. Kwa kweli ilitii barabara, tatizo lake ni kwamba haina adabu: inahesabu kila aliyepanda. Wagoneti zilivuka mstari wa chaki kama vile haukuchorwa. Shangwe ikageuka kelele. "Mwalimu! Mwalimu!" Kabedi alipiga ukelele uliopita wa wote, lakini Likoke aliuchukua kuwa wa furaha.

Ubao wa wagoneti ya mawe ukamgusa nyuma ya magoti, bila ukali, kama mtu anayemkaribisha mgeni kiti. Akakaa. Akakaa juu ya mawe, miguu hewani, akaanza kuserereka upande, kule kwenye gurudumu. Mama Émerence, ambaye mshtuko wa ndoano ulikuwa umemteremsha kutoka juu ya mifuko hadi mbele kabisa, juu ya mawe, aliona mgongo wa abakosti unaanguka. Hakufikiri mila wala salamu. Aliinama, akatoa mikono yote miwili, akamkumbatia mabegani na kumvuta kwake kama anavyovutwa mtoto kutoka kando ya moto. Wakaenda hivyo mita chache zilizobaki, mawe, mihogo, mwalimu na mama, kitu kimoja, mpaka zote zikasimama shubiri moja kabla ya gogo.

Hakuna aliyecheka, na huo ni ushahidi wa uzito wa jambo. Walikuwa wamegusana. Mkwe amekaa mikononi mwa mama mkwe, mchana, siku ya salongo, mbele ya mtaa mzima. Au labda mwalimu fulani tu ameokolewa na mama fulani, na hakuna aibu yoyote ya kufuta. Yote yalimtegemea Mama Émerence, na kila mtu alikuwa anamtazama yeye.

Alimwachia. Akashuka, akajipangusa kikwembe chake cha kitenge, akahema. Likoke alishuka upande wa pili, akasimama akitazama ardhi, na kwa pembe ya jicho akaona mkono ule mkubwa unaanza kuinuka, kama kila siku, kwa ajili ya kumpa pole. Aliona maisha yake yote yakimalizikia katika mkono ule.

"Mwalimu," Papa Ézéchias alisema, na mkono wa mama ukasita hapo ulipofika. "Ulisema mita kumi. Hesabu yako ilikosea wapi?"

Angeweza kusingizia kutu, au mteremko, au Feruzi na mizani yake. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa mkweli.

"Papa, hesabu haikukosea. Minyi njo nilikosea. Nilipima wagoneti, nilipima mihogo, nilipima mawe. Mama sikumutia."

"Juu ya nini haukumutia? Haukujua atapanda?"

"Nilijua. Lakini namna gani minyi nitapima mama bukwe, Papa? Niandike kilo yake ku tableau, batoto basome? Niliona heri hesabu iharibike."

Manung'uniko yakapita katika umati, na hayakuwa mabaya. Hapo ndipo Bokungu, mtu asiyeweza kuuacha ukweli ulale, alipojitokeza na karanga zake.

"Haina shida!" alisema kwa furaha. "Tunaweza kujua sasa. Kama mwendo ungekuwa nusu, zingesimama pale ku mstari. Zimesimama hapa. Tupime kutoka pale mpaka hapa, tutoe Likoke ambaye alipanda njiani bila tikiti, tutapata uzito wote ule ulishuka. Tukitoa mihogo na wagoneti, kile kinabaki…"

Akatafuta kijiti cha kupimia. Watu wakasogea. Tuseme ukweli, hata Papa Ézéchias alisogea. Alikuwa ameoa miaka mingi bila kujua.

Likoke alikuwa ameshalipata jibu. Alilipata kabla miguu yake haijagusa ardhi, hakuweza kujizuia, na ndiyo maana aliogopa kuliko wote. Alikimbia hadi kwenye mstari wake wa chaki, akapiga magoti, akaufuta kwa mkono wa abakosti iliyopigwa pasi, akausugua mpaka kitambaa kikawa chekundu kwa kutu. Kisha akarudi mbio, akaweka bega lake kwenye wagoneti ya mawe na kuanza kuzisukuma zote mbili zirudi zilikotoka. Zilikuwa nzito. Mishipa ilimtoka shingoni, kifungo cha juu kikaruka. Yeye ambaye maisha yake yote alihubiri kwamba hesabu hutoka mradi asiwepo mtu wa pembeni wa kusukuma, sasa alikuwa anasukuma kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, mpaka hapakuwa tena na alama ya mahali zilipokuwa zimesimama.

"Likoke!" Bokungu alilia. "Unaharibu données, vipimo vyote!"

"Niache!" alisema, huku anahema. "Hakuna kupima. Hakuna muntu atapima hapa."

Akabaki ameegemea mawe, jasho linamtiririka, abakosti imeharibika, hesabu imeshindwa mbele ya baba mkwe aliyesema wazi kwamba atatoa jibu kwa jibu. Aliona kwamba amepoteza kila kitu, na machozi yalikuwa karibu. Hakuthubutu kuinua macho.

Kama angeyainua, angeona mkono wa Mama Émerence ukishuka. Ulishuka polepole, ukashika ncha ya kikwembe, ukakipandisha juu ya kichwa na kukivuta mbele mpaka uso wote ukafunikwa. Mama akamgeuzia Likoke mgongo. Kisha, bila kumwambia yeye, maana huyo hawezi tena kuambiwa moja kwa moja, alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Kabedi! Ambia bwana yako alete kuku. Amenigusa."

Wanawake wote wa mashamba wakapiga vigelegele kwa pamoja, na Feruzi akatupa kofia yake juu. Mpita njia halipi kuku. Muuza chumvi halipi kuku. Papa Ézéchias alifungua mdomo aseme kwamba yeye, mwenye nyumba, bado alikuwa anafikiri, akamtazama mke wake chini ya kile kikwembe, akaufunga.

"Jogoo," alisema hatimaye, ili naye awe ameamua kitu. "Na akuwe mukubwa."

Likoke hakuelewa mara moja. Kabedi alilazimika kuja kumwambia ujumbe ule sikioni, kama mila inavyotaka, na aliposikia aliketi juu ya reli akalia waziwazi, abakosti wazi shingoni kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue. Kabedi alisimama karibu yake akicheka na kufuta macho yake mwenyewe kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Jogoo alipelekwa Jumapili. Jumanne Likoke alikuwa anatoka shuleni, amepita duka la Feruzi, alipomwona Mama Émerence anakuja na beseni kichwani. Kwa mazoea alitafuta ukuta. Lakini mama alikuwa amemwona kwanza. Alisimama, akashika beseni kwa mikono miwili, akakata kona kwenye kichochoro cha nyuma ya duka na kutimka mbio, vumbi likaruka na kuku wa Feruzi wakatawanyika mbele yake. Likoke alisimama katikati ya barabara akimsikiliza anavyokimbia mpaka kishindo kikaisha. Hakupiga hesabu yoyote.